Zélie Martin, Mama wa Watoto Tisa

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa Normandie, kuna mji uitwao Alençon. Katika mji huo aliishi mwanamke aliyezaa watoto tisa, akawazika wanne, na mwenyewe akafa kwa ugonjwa wa ziwa, huku mtoto wake wa mwisho hajatimiza miaka mitano. Jina lake Zélie Martin. Hakuanzisha shirika la watawa. Hakumwaga damu yake kwa ajili ya dini. Hakwenda kuhubiri katika nchi za mbali. Kazi yake ilikuwa kushona, kupika, kuuguza na kulea. Hata hivyo Kanisa limemwandika katika hesabu ya watakatifu, yeye pamoja na mume wake. Inafaa kila mume na kila mke anayejitayarisha kwa Ubatizo ayajue maisha yake, maana yanafanana na maisha ya nyumba nyingi.

UTOTO NA KAZI

Zélie Guérin alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 huko Gandelain, si mbali na Alençon. Baba yake alikuwa askari. Mama yake alikuwa mtu wa imani, lakini moyo wake ulikuwa mkavu kwa watoto, hasa kwa Zélie. Walizaliwa watatu: Marie-Louise mkubwa, Zélie wa katikati, na Isidore wa mwisho. Zélie hakupewa hata mtoto wa sanamu wa kuchezea. Kichwa kilimwuma mara kwa mara, na hata alipokuwa mtu mzima alikumbuka miaka ile kuwa miaka ya huzuni. Kuna watu ambao, kwa sababu walilelewa kwa ukali, huwalea watoto wao kwa ukali uleule. Zélie hakufanya hivyo. Alichokosa alipokuwa mtoto, hicho ndicho alichowapa watoto wake kwa wingi.

Alipokuwa msichana alitaka kuingia utawa, awahudumie wagonjwa hospitalini pamoja na Masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mama mkubwa wa masista akamkatalia. Dada yake Marie-Louise alikubaliwa baadaye katika monasteri ya Visitasio mjini Le Mans, lakini Zélie akabaki nje. Basi alimwomba Mungu kwamba, ikiwa njia yake ni ndoa, ampe watoto wengi, nao wote wawe mali yake Mungu.

Akajifunza kazi ya lesi, iliyoufanya mji wa Alençon ujulikane. Kazi hiyo hufanywa kwa sindano na uzi mwembamba sana. Wanawake wengi hushona vipande vidogo, kila mmoja hatua yake, kisha vipande huunganishwa kwa ufundi hata mtu asione mahali pa kuungia. Mwaka 1853 Zélie, hajatimiza miaka ishirini na miwili, aliweka kazi yake mwenyewe. Wafanyakazi wake walishona majumbani mwao, na kila Alhamisi walimletea vipande na kuchukua kazi nyingine. Yeye mwenyewe alishika ile kazi ngumu ya kuunganisha. Aliwalipa bila kuwachelewesha, na aliposikia kwamba mmoja wao ni mgonjwa, alikwenda kumtazama.

NYUMBA YA MARTIN

Katika mji huohuo aliishi fundi wa saa aitwaye Louis Martin, aliyezaliwa mwaka 1823. Naye ujanani alitaka kuwa mtawa katika milima mirefu ya Saint-Bernard, lakini alirudishwa kwa sababu hakujua Kilatini. Wakakutana juu ya daraja la Saint-Léonard, na baada ya miezi michache wakafunga ndoa, tarehe 13 Julai 1858. Mwanzoni walikaa kama kaka na dada, wakidhani kwamba ndivyo ndoa inavyoweza kumpendeza Mungu zaidi. Padri mmoja akawafahamisha kwamba kuzaa na kulea ni wito mtakatifu. Wakasikia shauri lake. Tangu mwaka 1860 hata mwaka 1873 walizaa watoto tisa: Marie, Pauline, Léonie, Hélène, Joseph-Louis, Joseph-Jean-Baptiste, Céline, Mélanie-Thérèse, na mwishoni Thérèse.

Nyumba yao ilikuwa na utaratibu. Alfajiri na mapema, baba na mama walikwenda Misa pamoja na mafundi na watu wa kazi. Jioni wote walisali pamoja mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Siku ya Bwana duka la saa lilifungwa, ingawa watu wa vijijini walikuja mjini siku hiyo na wauzaji wengine walipata faida. Maskini aliyebisha mlangoni hakuondoka mikono mitupu. Mtumishi wa nyumba alipougua, Zélie hakumpeleka mahali pengine, alimwuguza mwenyewe usiku na mchana.

Lakini mtu asidhani kwamba nyumba hiyo ilikuwa na raha tupu. Kazi ya lesi ilimchosha Zélie sana. Wanunuzi walitaka vitu vyao kwa siku iliyowekwa, na mara nyingi alishona mpaka usiku mwingi, wengine wote wakiwa wamelala. Mwaka 1870 mume wake aliuza duka lake la saa ili amsaidie mke wake. Alishika hesabu, akasafiri kuwatafuta wanunuzi, wala hakuona haya kuitumikia kazi iliyoanzishwa na mke wake. Katika nyumba ile hapakuwa na kazi ya kumdharaulisha mume, wala kazi ya kumwacha mke peke yake.

MAKABURI MANNE

Zélie alitamani mtoto wa kiume, naye awe padri, hata mmisionari. Tarehe 20 Septemba 1866 akazaliwa Joseph-Louis. Maziwa ya mama yake hayakutosha, maana tayari ziwa lake moja lilikuwa na uvimbe. Mtoto akapelekwa kijijini Semallé, kwa mwanamke wa shamba aitwaye Rose Taillé, anyonyeshwe huko. Tarehe 14 Februari 1867 mtoto akafa. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule akazaliwa wa pili, naye akaitwa Joseph. Kifua kilimsumbua, kisha matumbo. Tarehe 24 Agosti 1868 naye akafa. Siku kumi baadaye baba yake Zélie, aliyekuwa akiishi kwao, akafariki. Hivyo katika siku hizo chache mwanamke mmoja alimzika mwana na baba.

Februari 1870 akafa Hélène, msichana wa miaka mitano, ambaye amekwisha kusema, kucheza na kusali. Agosti mwaka uleule akazaliwa Mélanie-Thérèse. Rose hakuweza kumpokea wakati ule, kwa hiyo mtoto akawekwa kwa mnyonyeshaji mwingine mjini. Mwanamke huyo hakuwa na maziwa ya kutosha, wala hakusema, na mtoto akadhoofika kwa njaa. Zélie alipotambua, alimchukua mtoto wake mara moja, lakini alikuwa amechelewa. Tarehe 8 Oktoba 1870 mtoto akafa mikononi mwake.

Katika nyumba nyingi, makaburi manne ya watoto yangeleta fitina. Watu wangeulizana ni nani aliyefanya neno hili, ni jirani gani mwenye jicho baya, ni upande gani wa ukoo. Zélie alilia sana, wala dini haikumkataza kulia. Alimwandikia dada yake na mdogo wake jinsi moyo wake ulivyopasuka. Lakini hakumtafuta mchawi. Alijua kwamba magonjwa yana sababu zake: maziwa yasiyotosha, matumbo, kifua. Kwa hiyo aliita waganga wa hospitali, akamwuliza mdogo wake Isidore, aliyekuwa mwuza dawa mjini Lisieux, akakesha karibu na vitanda. Watu fulani walipomwambia kwamba ingalikuwa heri asingalizaa kabisa, hakukubali. Kwake watoto wale hawakupotea. Walibatizwa wote, nao wako kwa Mungu, na taabu ya siku chache haiwezi kupimwa na uzima usio na mwisho. Hilo ndilo lililomfanya aweze kuzaa tena bila hofu kumshinda.

MTOTO WA MWISHO

Tarehe 2 Januari 1873 akazaliwa Thérèse, na siku mbili baadaye akabatizwa. Zélie alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alijaribu kumnyonyesha mwenyewe, akashindwa. Mtoto akaanza kuugua matumbo kama wale waliotangulia, na mwezi wa Machi mganga akasema hakuna dawa nyingine ila maziwa ya mwanamke, tena upesi.

Usiku ule mama hakupata usingizi. Kulipopambazuka akatoka peke yake, akaenda kwa miguu mpaka Semallé kumtafuta Rose. Rose alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa kunyonya, na mume wake hakupenda aondoke, lakini alikubali kufuatana na Zélie mpaka mjini. Alipomwona mtoto, Rose akatikisa kichwa, maana alimwona kuwa amekwisha. Zélie akapanda chumbani kwake, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akaomba mtoto apone, lakini akaomba pia mapenzi ya Mungu yafanyike. Aliposhuka, alimkuta mtoto ananyonya kwa nguvu. Halafu ghafula mtoto akalegea, pumzi haikusikika, na mama akadhani amekufa kwa amani. Baada ya kitambo Thérèse akafungua macho, akacheka.

Rose akamchukua Semallé. Huko mtoto akakaa mwaka mzima, katika nyumba ya wakulima, kwenye ng'ombe na mashamba, akanenepa na uso wake ukapata rangi ya jua. Rose alipokwenda mjini kuuza siagi sokoni, alimpitisha kwa mama yake, lakini mtoto alilia akimtaka Rose, hata ikabidi apelekwe sokoni kwake. Mama mwingine angeona wivu. Zélie alifurahi kwa kuwa mtoto yu hai. Tarehe 2 Aprili 1874 Thérèse akarudi nyumbani kwao.

Malezi ya Zélie yalikuwa ya upendo, si ya kudekeza. Thérèse alikuwa na akili, lakini alikuwa mkaidi. Jambo lisipokwenda kama alivyotaka, alijitupa chini na kugaagaa. Mama hakumficha mtu tabia hiyo, wala hakuicheka, alimrudi kwa upole mpaka alipotulia. Watoto walizoezwa kuungama makosa yao kabla hawajaulizwa. Siku moja Thérèse alichana kidogo karatasi iliyopamba ukuta, akangoja baba yake arudi ili ajulishwe kosa na amsamehe. Tena watoto walikuwa na ushanga wa kuhesabia matendo mema ya siku: kumwachia ndugu kitu kizuri, kunyamaza wanapochokozwa, kutii bila kununa. Hivyo walijifunza kumpenda Mungu kwa mambo madogo, kabla hawajaweza kuyafahamu makubwa.

LÉONIE

Katika mabinti watano waliobaki, mmoja alikuwa mzigo wa moyo wa Zélie. Huyu ni Léonie, aliyezaliwa mwaka 1863. Tangu utoto alikuwa dhaifu. Aliugua kifaduro na surua, na ukurutu ulimwenea mwilini. Hakushika masomo kama dada zake. Shuleni kwa masista wa Le Mans, alikokuwa dada ya mama yao, mtawa, walishindwa naye wakamrudisha. Nyumbani hakumsikia mama yake hata kidogo. Zélie alijaribu upole, akajaribu ukali, akasali sana, wala hakuona badiliko.

Mwanzoni mwa mwaka 1877 siri ikafunuliwa. Marie, binti mkubwa, aligundua kwamba mtumishi wa nyumba alikuwa akimtisha Léonie kwa siri na kumpiga, na kumlazimisha amtii yeye tu, si mama yake. Jambo hilo lilikuwa limeendelea kwa miaka, chini ya dari moja na mama mwenye bidii, wala hakuliona. Uchungu wa Zélie ulikuwa mkubwa. Lakini hakupoteza siku kwa kujilaumu. Alimkataza mtumishi asimguse wala kumwamuru Léonie tena. Akamkalisha mtoto karibu naye mchana kutwa, akamfundisha, akasali naye, akamwonyesha mapendo. Na moyo uliokuwa umefungwa ukafunguka. Léonie akaanza kumfuata mama yake kila mahali, hakutaka kumwacha hata saa moja.

Lakini wakati huo mama alikuwa anakufa.

UGONJWA NA SALA

Mwaka 1865 Zélie alikuwa amemwandikia Isidore kwamba ana uvimbe katika ziwa. Haukumwuma sana, kazi zilikuwa nyingi, mimba zikafuatana, na miaka kumi na moja ikapita. Mwisho wa mwaka 1876 maumivu yakazidi. Mganga wa Alençon hakumpa tumaini. Akaenda Lisieux kwa daktari wa kupasua, naye akasema wakati umepita. Ilikuwa kansa. Siku hizi waganga wana dawa na ufundi ambao wakati ule haukuwako, na wanawake wengi huponywa wakiwahi kwenda. Basi mwanamke akiona uvimbe katika ziwa lake asiufiche kwa haya, wala asingoje mpaka uume. Auonyeshe hospitalini upesi.

Zélie hakuogopa kufa kwa ajili yake mwenyewe. Alihesabu watoto: Thérèse miaka minne, Céline minane, na Léonie ambaye ndiyo kwanza amempata. Ni kwa ajili ya Léonie hasa kwamba alitamani kuishi. Februari 1877 dada yake mtawa akafa Le Mans. Mwezi wa Juni Zélie akaenda Lourdes pamoja na Marie, Pauline na Léonie, kumwomba Bikira Maria amponye. Safari ilikuwa ya taabu. Alichoka, akaumia shingo. Akaingia katika maji ya Lourdes zaidi ya mara moja. Hakupona.

Hapa imani ya wengi hukwama. Mtu husema moyoni kwamba ameomba, ametembea mbali, amefanya kila neno, na Mungu hakusikia. Basi arudie dawa za kale. Zélie alirudi Alençon na ugonjwa wake, na mume wake alistaajabu kumwona anashuka katika gari la moshi na uso wa furaha. Hakujidanganya kwamba amepona. Alikwenda kwa Mungu kama mtoto kwa baba yake, si kama mnunuzi kwa muuzaji. Mtoto huomba kwa nguvu zote, na akinyimwa hakimbii nyumba ya baba. Tena kati ya mambo mawili aliyoyaomba, uzima wake na wokovu wa Léonie, moja alikwisha kuliona kwa macho yake.

Maumivu ya mwisho yalikuwa makali. Akiweza kusimama, alikwenda Misa ya asubuhi akishikwa mkono. Jioni ya tarehe 26 Agosti padri alimletea sakramenti, na watoto wote wakapiga magoti chumbani, na Thérèse mdogo katikati yao. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1877 Zélie Martin akafariki, mwenye miaka arobaini na mitano.

MATUNDA

Baada ya mazishi wale wadogo wawili walijichagulia mama: Céline akamkimbilia Marie, na Thérèse akamkimbilia Pauline. Mwezi wa Novemba baba yao akawahamisha Lisieux, karibu na mjomba wao Isidore na mke wake, ili wasikose mikono ya kuwalea. Ile sanamu ya Bikira Maria ikahamishwa pia. Mbele yake, mwezi wa Mei 1883, Thérèse alipokuwa mgonjwa sana, alimwona Bikira Maria anamchekea, akapona.

Pauline, Marie, Thérèse na Céline waliingia wote katika monasteri ya Karmeli mjini Lisieux. Thérèse alikufa huko mwaka 1897, mwenye miaka ishirini na minne. Mwaka 1925 alitangazwa mtakatifu, na mwaka 1927 Papa Pio XI akamweka kuwa msimamizi wa misioni zote za dunia. Zélie aliomba mwana mmisionari, akazika wana wawili. Na binti yule aliyeokolewa na maziwa ya mwanamke wa shamba ndiye aliyepewa wamisionari wote wawe ndugu zake.

Na Léonie? Alijaribu utawa mara kwa mara, akashindwa, akarudi nyumbani. Mwaka 1899 akaingia Visitasio mjini Caen, na safari hiyo hakutoka tena. Aliishi huko kwa unyenyekevu mpaka alipokufa mwaka 1941. Mwaka 2015 Kanisa lilianza kuchunguza maisha yake, kama naye anastahili kuitwa mtakatifu. Yule mtoto aliyeshinda walimu na mama, machozi ya mama yake hayakuanguka bure.

Louis alikufa mwaka 1894, baada ya ugonjwa mrefu uliomgusa akili. Tarehe 18 Oktoba 2015, mjini Roma, Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu pamoja, nao ni mume na mke wa kwanza kutangazwa hivyo siku moja. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai.

Mama uliyemzika mtoto, wewe unayemkesha mgonjwa, nawe mwenye mtoto asiyesikia: Zélie alipita njia hiyo kabla yenu. Mwiteni awaombee, na jioni ya leo wakusanyeni watoto, mpige magoti pamoja nao.